Malalamiko Dhidi ya Nahodha Aliyejifanya Shemeji Yangu

Kwa Meneja,
Safari za Baharini za Siku Moja.

Ndugu Meneja,

YAH: MAPUMZIKO YALIYOPITA KIASI

Nakuandikia nikiwa na afya njema, jambo ambalo kwa kiasi fulani ndilo ninalolilalamikia.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kupanga mafaili, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika shajara kila siku, kwa hiyo yote nitakayoeleza yana tarehe. Jumamosi ya tarehe 14, mimi na mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, tulipanda katamarani yenu, yaani ile mashua ya mabodi mawili yaliyoungwa kwa sitaha moja. Tiketi tulizawadiwa na mteja wake. Tangazo lenu liliahidi “siku ya utulivu majini”. Utulivu niliokuwa nao kabla ya siku hiyo umevunjika, na naomba mnirudishie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuwa nimeandaa ratiba ya kurasa mbili: saa tatu kamili kuondoka, saa tatu na robo kutazama upande wa kulia, saa tatu na nusu upande wa kushoto, na kuendelea. Nilimkabidhi nahodha nakala. Aliisoma yote kwa heshima, akaniuliza tumepangiwa kupiga chafya saa ngapi, kisha akaitumia kufunika bakuli la mapapai ili nzi wasiingie.

2. Hili ni kubwa zaidi. Kabla hata gati halijapotea machoni, nahodha alianza kumwita mke wangu “dada”. Mke wangu naye akaitika, “Naam, kaka,” na hapo hapo mimi, bila kuulizwa, nikawa shemeji. Unajua mwenyewe shemeji anavyotaniwa. “Shemeji, mbona umekaa kama unasubiri kuitwa na daktari?” Na baadaye, tulipofika pa kuogelea: “Shemeji, hilo jaketi la kuokolea livue basi, tumeshatia nanga, maji yenyewe yanakufika kiunoni!” Mke wangu alicheka mpaka akashika mlingoti. Nimepitia shajara: mara yake ya mwisho kucheka hivyo mbele yangu ilikuwa miaka sita iliyopita, na siku hiyo nilikuwa nimeanguka kwenye ngazi.

3. Mwanamke akishapata kaka, humpelekea mashtaka ya mumewe. Jambo hilo hamkuliandika kwenye tiketi. Mke wangu alijilaza kwenye ule wavu mliotandaza mbele, maji yakipita chini yake, akaeleza kila kitu. “Kaka, huyu bwana kila nikimwambia tutoke ananijibu tutaona. Miaka kumi na tisa ya ndoa nasubiri kuona.” Nahodha akamwachia mpishi usukani, kitendo ambacho naamini ni kinyume cha taratibu, akaja kuketi katikati yetu. “Shemeji, una la kujibu?” Nikasema nina shajara. Akasema, “Haya, soma.” Nikasoma niliyokuwa nayo mkobani, miezi mitano. Katika miezi hiyo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, neno “tutaona” lilitokea mara kumi na moja. Mpishi ndiye aliyehesabu, kwa sauti, akiwa kwenye usukani.

4. Nilihukumiwa kuingia majini mara tutakapotia nanga. Sijui kuogelea, na niliijulisha mahakama. Mke wangu akanishika mikono yote miwili, akawa ananivuta akirudi kinyumenyume, nami nikaelea. Naandika kwa uchungu: nilielea dakika arobaini na sikutazama saa hata mara moja, kwa hiyo arobaini hiyo nimeikisia. Sijawahi kukisia kitu tangu niajiriwe.

5. Tangu turudi, mke wangu anaimba akishona. Tarehe 17 alishona gauni zima huku akiimba, na mikono ikatoka sawa. Tarehe 20 alipachika kalenda juu ya cherehani, akazungushia duara Jumamosi moja ya kila mwezi. Akaniambia, “Baba Pacha, mimi nitakwenda. Ukija, karibu. Usipokuja nitakwenda na dada yangu, na sitakuuliza tena.” Zamani angenigombeza siku mbili, nami ningepata muda wa kufikiri. Sasa anasema kwa upole, na upole huo kautoa kwenu. Hilo “sitakuuliza tena” nimeliandika kwenye shajara siku tatu mfululizo, na mimi, karani wa mafaili, sijui niliweke wapi.

Kwa hiyo naomba: (a) nahodha ajiuzulu undugu kwa maandishi, (b) wavu uondolewe na pawekwe viti vya mbao visivyo na mito, (c) mke wangu arudishwe katika hali aliyokuwa nayo asubuhi ya tarehe 14, na (d) pale mnapotia nanga, maji yapunguzwe rangi. Sijui ni idara gani inayohusika, ila naamini mnafahamiana.

Nitasubiri majibu kwa siku kumi na nne. Wasalimie wote hapo ofisini, na mpishi pia. Mwambie nimerudia hesabu yake na ni sahihi. Hata nahodha msalimie, ingawa hatuna undugu.

Ni mimi niliyeonewa kwa ukarimu,
Baba Pacha,
Karani wa Masjala.

Nyongeza: Barua hii naileta kwa mkono Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, wiki mbili kabla ya ile aliyoichagua mke wangu. Atakuwa nami, akidhani tunakwenda kununua nyuzi. Naomba mtuwekee nafasi mbili, na barua muifungue tukishaondoka. Nimekuwa nikijifunza kuzuia pumzi kwenye beseni la kufulia, mlango nikiwa nimeufunga. Mpaka jana nimefikisha sekunde kumi na nane.