Kizibao Chekundu cha Delbert Crumley

Delbert Crumley alimwona mbwa kabla ya kumwona mwenye mbwa. Haikuwa ajabu: mbwa alikuwa mkubwa kama ndama, na mwenyewe, kibibi mwenye kofia ya majani, alikuwa nyuma yake akipangusa machozi nje ya uwanja wa ndege wa Atlanta.

"Wamekukatalia, mama?" Delbert akamsogelea kwa sauti ya msibani.

"Wanasema mbwa wa kuliwaza roho hapandi tena ndege, mwanangu. Eti mpaka awe na kazi."

"Watu ndio walioharibu. Huyu kaja na bata mzinga, yule kaja na nguruwe. Siku hizi anapanda bure mbwa aliyefundishwa kumsaidia mgonjwa, basi." Akafungua begi taratibu na kutoa kizibao chekundu cha mbwa chenye maandishi ya fahari: MBWA WA HUDUMA. "Wako, kwa dola mia mbili, amehitimu leo hii."

Biashara hiyo ilikuwa ikimlisha vizuri, ila hakimu alishamwonya: akikamatwa tena na vizibao, ni jela moja kwa moja. Ndiyo maana Delbert hakuwahi kuvuka mlango wa uwanja. Aliuza nje, akayeyuka.

Kibibi, Earlene Stubbs kwa jina, akamvisha mbwa. Kikamkaa sawasawa. Pesa, hakutoa.

"Wakiniuliza maswali nitababaika. Twende wote hadi kaunta, unisemee. Nitakupa mia nne."

Mia nne! Tamaa ikamshika Delbert mkono, ikamvusha mlango.

Dada wa kaunta akachungulia. "Mbwa wa nani?"

Pembeni yake alisimama askari, akikikodolea macho kile kizibao.

"Wa mpwa wangu huyu," akajibu Bi Earlene. "Mimi nasafiri peke yangu, yeye kanisindikiza tu. Au siyo wako, mwanangu? Basi mweleze afande kizibao kimetoka wapi."

Delbert akamtazama askari. Akautazama mlango, nao ukaonekana mbali sana. Ulimi wake, uliowahi kumuuzia mchungaji kizibao cha paka, ukapata neno moja tu.

"Wangu," akasema.

"Kafundishwa kazi gani?" akauliza yule dada.

"Kunizuia nisianguke."

Mbwa akamwegemea kwa mapenzi yake yote, na Delbert akaenda chini chali, mbwa juu ya kifua.

Bi Earlene akainama kama anayembusu mpwa wake. "Anaitwa Biscuit," akanong'ona. "Kwa dada yangu ninakohamia mbwa hawaruhusiwi, na sikuwa na wa kumwachia. Nakutazama tangu juzi. Maneno mengi, lakini unakula peke yako. Anaogopa radi." Safari hii machozi yalikuwa ya kweli. Akambusu mbwa puani, akaondoka bila kulipa hata senti.

Askari akamwinua Delbert. "Una bahati, bwana, wako ni wa kweli. Kuna tapeli huko nje anauza vizibao vya bandia. Ukimwona, tuambie."

"Bila shaka, afande."

Walipofika kwenye gari mvua ilikuwa imeanza. Radi ikapiga, na Biscuit akakipenyeza kichwa chake kizito chini ya kwapa la Delbert, akitetemeka mwili mzima. Delbert alikuwa ameapa mbele ya mamia ya wasafiri kwamba mnyama huondoa upweke, na hakuwahi kuliamini neno hata moja. Sasa akaweka mkono mgongoni kwa mbwa, aibu na faraja vikimjia kwa pamoja.

"Kibibi kile," akamwambia, "kimeniingiza mjini."

Biscuit akamlamba sikio. Delbert hakuwasha gari mpaka radi ilipoisha.