Mjumbe Aliyehudhuria kwa Sauti

Gari la matangazo lilizunguka Kalangalala likiwafahamisha wananchi kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna kicheko kitakachotoka bila kuhakikiwa. Idara ya Uratibu wa Vicheko ilikuwa imefungua ofisi Geita. Ilikuwa na meza tatu, muhuri na mwenyekiti, Bwana Donatus, ambaye hakuwahi kuonekana akitabasamu kazini, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kazi ya kwanza ilikuwa banda la video la Apolonia, Mama Juliana. Wachimbaji walifika pale na matope yao magotini kutazama filamu moja ya kale ya Waingereza, isiyo na rangi. Ilianza kama mchezo wa redio, ndiyo maana ndani yake hakuna anayekimbia wala anayepigwa. Ni wakubwa wa ofisi wamekaa wanabishana kuhusu daraja ambalo hakuna aliyekumbuka kulijenga. Kiingereza chao kilizimwa. Aliyesikika ni Maduhu, mume wa Apolonia, akiwatafsiria watu kama wafanyavyo watafsiri wa mabandani: mkubwa yeye, karani yeye, mke wa karani yeye. Maduhu alimpa mkubwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, na wananzengo, watu wa mtaa, walidondoka kutoka kwenye mabenchi kwa kucheka.

Maduhu alifariki mwaka jana. Sauti yake ilibaki kwenye flashi moja. Filamu ikianza, Apolonia alikaa nyuma ya pazia asione picha, akasikiliza tu.

Donatus aliichukua flashi kwa mujibu wa utaratibu. Alieleza kwamba picha haina tatizo, kwa kuwa Wazungu wameshazoea kujicheka. Tatizo ni sauti, haina kibali. Mwenye sauti afike kikaoni, la sivyo itafutwa.

Apolonia alimpa cheti cha kifo. Donatus alikisoma pande zote mbili.

"Hiki kinaeleza alipo, mama," alisema. "Hakielezi kwa nini hatafika."

Kikao kilikaa Alhamisi. Mjumbe Fredy, mwalimu mstaafu, alikumbusha kwamba kanuni haziruhusu kumhukumu asiyekuwepo. Wakapekua; kweli haziruhusu. Basi Donatus akaamuru flashi ichezwe, skrini ifunikwe kitambaa cha meza isije ikawashawishi wajumbe, na katibu, Hosiana, amwandike Maduhu kwenye orodha ya wajumbe kuwa amehudhuria kwa sauti. Filamu ikarudi kuwa redio.

Hosiana alikuwa ameagizwa kuandika kila neno litakalosemwa chumbani, naye aliandika. Maduhu aliposhauri kwamba kabla ya kutatua tatizo wahakikishe linawatosha wajumbe wote, Fredy aliunga mkono, na hilo likaandikwa. Katikati Maduhu alikohoa, kile kikohozi chake cha vumbi la mgodini. Apolonia, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliziba mdomo kwa kitenge. Hosiana aliandika: Mjumbe alikohoa.

Ikaamuliwa sauti ifutwe mara tu ofisi ya kanda, Shinyanga, itakapopitisha muhtasari. Donatus akatia saini. Apolonia akafunga banda.

Siku ya tisa majibu yalifika. Kanda ilikuwa imeusoma muhtasari wote. Iliridhishwa na Mjumbe Maduhu, ambaye alizungumza kwa ufasaha, hakutoka nje kupokea simu wala kuulizia chai. Kuanzia tarehe ya barua, yeye ndiye Mwenyekiti. Sauti ya Mwenyekiti ni waraka wa Idara na haifutwi. Bwana Donatus amkabidhi ofisi na kupokea maelekezo yake ana kwa ana.

Donatus angeweza kueleza kwamba Mwenyekiti ni marehemu. Lakini angelazimika pia kueleza ni nani aliyetia saini kwamba marehemu alihudhuria. Jumamosi mchana alifika bandani na flashi, muhuri na faili. Mtu huyu aliyezoea kusubiri asalimiwe aliinamisha kichwa.

"Habari za hapa, Mama Mwenyekiti. Nimekuja kukabidhi."

"Kaa kwenye benchi, baba," Apolonia alimjibu huku akichomeka flashi. "Anaanza sasa hivi."

Wachimbaji walisogea, akabanwa katikati yao. Maduhu akaagiza, kwa sauti ya mkubwa, kwamba kikao kiahirishwe mpaka ijulikane kilianza lini. Mabati yalitikisika kwa vicheko. Donatus aliandika agizo hilo, akalipigia mstari, akainuka.

"Nimepokea, mheshimiwa," aliiambia skrini.

Mchimbaji wa nyuma alimvuta koti.

"Kaa chini, mzee. Mwenyekiti hajamaliza."

Akakaa.