Kodi Niliyoiwahi

Jumanne, 26 Desemba 2017
Washington wametubana! Kuanzia Januari, kodi ya majengo tunayolipa mjini hapa New Jersey haitaondolewa yote tena kwenye hesabu ya kodi ya serikali kuu. Mwisho dola elfu kumi. Jirani yangu Petrillo, mwenye nyumba ya ghorofa tatu, kaniambia wajanja wanalipa ya mwakani sasa hivi, kabla mlango haujafungwa. Sikubali Petrillo awe mjanja peke yake. Mke wangu Doreen akasema zile elfu tatu na mia tano tulizoweka akiba ni za mtambo wa kupasha nyumba joto, unaokohoa tangu Novemba. Nikamwambia mtambo utasubiri, sheria haisubiri. Dada yake Wilma, aliyekuja Krismasi kutoka West Virginia, akauliza tunalipa kiasi gani kwa mwaka. Elfu saba, nikasema, kwa fahari kidogo. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Yeye analipa mia sita, na nyumba yake ni kubwa kuliko yangu. Sikupenda.

Jumatano, 27 Desemba
Foleni imezunguka ofisi za mji mpaka kwenye maegesho. Watu wanagombania kulipa kodi! Petrillo yuko mbele, ananipungia mkono. Nikamwomba Wilma anishikie nafasi nikanunue mkate wa nyama na yai. Dakika kumi tu! Kurudi, nakuta vita. Wilma kawauliza watu, "Hivi nyie mna majumba, shule zenu zina mabwawa ya kuogelea, halafu Washington iwarudishie? Mimi naendesha basi la shule, nani ananirudishia?" Mama mmoja mwenye koti la manyoya akamjibu kwamba New Jersey inapeleka Washington zaidi ya inachopata, na tofauti ndiyo inayowalisha kina Wilma, kwa hiyo ashukuru. Wilma akamwambia ashukuru yeye, maana makaa ya mawe ya kwao West Virginia yamewasha taa zake miaka yote, na vifua vya wachimbaji vilivyojaa vumbi lake hakuna aliyevipa nafuu. Hapo foleni nzima ikakumbuka kwamba mimi sikuwepo. Nikapelekwa mwisho. Dirisha likafungwa wamebaki watu sita mbele yangu.

Alhamisi, 28 Desemba
Nimelipa! Nusu mwaka, elfu tatu na mia tano, risiti ina muhuri. Mchana redio ikatangaza kwamba serikali kuu itatambua tu kodi ambayo mji ulikwisha kuidai, na wetu umedai ya nusu mwaka tu. Yangu imo. Petrillo alilipa mwaka mzima, nusu imekula kwake. Nikapita mbele ya nyumba yake mara nne, taratibu.

Ijumaa, 29 Desemba
Mtambo umekufa. Maji ya paka yamekuwa barafu. Doreen kahamishia mto wake chumbani kwa Wilma. Nikampa Wilma karatasi zangu za kodi ili amtulize dada yake, kwani kwao huwajazia wazee wa kanisani fomu bure. Akazipekua na glavu mkononi, kisha akaniangalia kwa huruma, na huruma ya Wilma inauma kuliko kicheko chake. Akasema kikomo ni elfu kumi, mimi nalipa saba, hakinigusi. Tena miaka yote tumechukua lile punguzo la jumla analopewa kila mtu, kwa sababu makato yetu yote, kodi ya nyumba ikiwemo, hayalifikii, hata ukiongeza risiti yangu mpya. "Shemeji, hii vita ni ya Petrillo. Wewe uko na sisi. Karibu West Virginia!" Faida ya risiti ni sifuri. Miaka kumi na miwili natia saini fomu bila kuzisoma!

Jumamosi, 30 Desemba
Nimerudi ofisi za mji kudai fedha zangu. Karani akaniambia kwa upole kwamba fedha iliyoingia haitoki. Doreen kafungasha. Anakwenda na Wilma West Virginia, kwenye jiko la makaa. Akanibusu shavuni, akasema mabomba yakipasuka nisimpigie simu. Niliumia kweli. Hatujawahi kuuona mwaka mpya tukiwa mbali.

Jumapili, 31 Desemba
Nimevaa makoti mawili na nimefikiri kwa makini. Kosa nimeliona: kodi yangu ni ndogo mno! Nimewaandikia wathamini wa mji waje kuikagua nyumba upya, waipandishe bei, nilipe kama Petrillo ili nifaidi kama Petrillo. Nimetaja baraza, bustani na mtambo wa kupasha joto. Doreen atafurahi akirudi. Barua nimeiandika kwa penseli, wino umeganda.