Nimeenda Kuposa na Taa za Msiba

Jamani, leo nimewaliza watu wa Zagayu na hakuna aliyekufa.

Mnajua mwanangu Maduhu anataka kuoa kwa mzee Limbu. Mara ya kwanza tulikataliwa, mshenga alifika amelewa (Sayi, ndiyo, nakutaja wewe). Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Nikaazima gari la rafiki yangu Masunga, la Kijapani, limetoka bandarini juzi. Akanipa funguo: "Hili linajifanyia mambo yake lenyewe, kaka. Usiguse kitu." Sikugusa.

Asubuhi mimi na dada yangu Nkwimba, kama tulivyomwahidi mzee, tukapita hospitali Bariadi kumsalimia bibi wa binti, amelazwa. Tukamwachia uji, tukashika njia. Jua kali! Nkwimba akatandaza kitenge juu ya dashibodi, eti inang'aa inamuumiza macho. Nikamwacha. (Mimi ushirika umekufa na pamba yangu, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, bado nipo. Kitenge kitanifanya nini?)

Njiani naona wanaume wanashuka kwenye baiskeli, wanavua kofia. Wanawake wanatua ndoo. Nikamwambia Nkwimba, "Unaona gari zuri linavyoleta heshima?" Nikawa nawapungia mkono. Na meno yote nje! Bodaboda mbili zikajipanga nyuma yetu, hazitaki kunipita.

Kuingia kwa mzee Limbu, yowe! Mama wa binti anagaagaa chini: "Mayu wane! Mama yangu mie!"

Nikasalimia, "Mwangaluka!" Mzee Limbu akaja dirishani, sauti ya chini.

"Amekata roho saa ngapi?"

"Nani, mzee?"

"Mama mkwe wangu."

"Bibi? Tumemwacha anakunywa uji, anagombana na nesi!"

Mama wa binti akainua kichwa, vumbi usoni.

"Sasa taa za msiba mchana huu za nini?"

Nikashuka, injini inanguruma. Lo! Taa zote mbili zinawaka kama macho ya fisi. Nikarudi ndani, nikazungusha kitu, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Nikampigia Masunga.

"Umefunika jicho, kaka! Kile kidude cheusi juu ya dashibodi kinapima mwanga. Ukikifunika kinadhani usiku umeingia, kinawasha taa."

Nkwimba akavuta kitenge chake taratibu, haniangalii. Tukangoja kidogo. Taa zikazima zenyewe. Waombolezaji wakapiga makofi!

Mama wa binti alicheka mpaka akakaa tena chini. Mzee Limbu hakucheka. Alifuta macho, akanitazama sana.

"Umeniua na umenifufua kwa dakika tano," akasema. "Posa nimepokea."

Ila katoa sharti: siku ya kuleta mahari, gari asilione, nije kwa miguu nikiswaga ng'ombe mwenyewe. Nimekubali haraka. Ng'ombe hawana taa.