Kwenye Picha Haipepesi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Makamishna wa Kaunti ya Sundvik, Waheshimiwa Makamishna mliopo, pamoja na yule aliyeko Arizona kwa sababu ya magoti yake, Mheshimiwa Sherifu, Mheshimiwa Mkuu wa Barabara na Theluji, Mchungaji wetu wa Kilutheri, na Mchungaji mwingine wa Kilutheri wa kanisa lililo ng'ambo ya barabara, ambao sithubutu kusema nani atangulie, Malkia wa Maziwa wa mwaka huu, kina mama wa kahawa na viazi vya kuoka, wadau, walipa kodi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni mke wake.)

Nasimama mbele yenu mimi, Lyle Brandvold, Mkurugenzi wa Teknolojia, Habari na Mageuzi ya Kidijitali, mwenye miaka kumi na tisa ya utumishi uliotukuka ambao nisingependa kuusifu mwenyewe ila hakuna aliyejitolea kuusifu, ili nitoe ufafanuzi wa kina, wa wazi na shirikishi kuhusu ile skrini kubwa iliyo mezani kwa Bi Marlys Engebretson, mwelekezaji wetu wa magari ya kusukuma theluji, ambayo inadaiwa, narudia, inadaiwa, kupepesa. (Marlys, safu ya pili, anainua mkono. Anaambiwa asubiri, atapata dakika zake tatu kama mwananchi yeyote.)

Tuna magari kumi na moja, na Bi Marlys huyaona yote kwenye ramani ya skrini hiyo, akajua lipi lipo wapi na lipi liende wapi. Kesho saa sita mchana tunatarajia dhoruba ya theluji ya inchi kumi na nne. Kwa muktadha huo, hoja iliyo mezani ni ile aliyoisema Kamishna Kittelson kwa lugha ambayo mimi binafsi nisingeitumia kikaoni. (Kamishna Kittelson: "Nilisema hivi, kesho Marlys anaona magari yake au haoni? Jibu hilo tu, Lyle, tukale.") Nitajibu, Mheshimiwa, lakini kwa kufuata mchakato.

Mtakumbuka kwamba ni mimi niliyeleta Linux katika kaunti hii, mfumo huru usio na ada, na laptopu ya Bi Marlys, ambayo ile skrini kubwa imeunganishwa nayo kwa waya, inautumia kwa mafanikio makubwa, kwani skrini yake ndogo haijawahi kutikisika hata siku moja, jambo linaloonyesha kwamba nusu ya skrini zake zote ni nzima. Oktoba akaleta lalamiko la kwanza. Utaratibu wa idara yangu uko wazi: kila lalamiko la skrini liambatane na picha ya skrini iliyopigwa na kompyuta yenyewe. Akapiga, akaleta, tukaitazama wataalamu watatu kwa dakika arobaini, na kwenye picha ile, ndugu zangu, hakukuwa na kupepesa kokote. Tukalifunga. Amelileta mara saba, na mara saba picha imetoka safi. (Marlys, bila kusimama: "Kompyuta inapiga picha iliyo tumboni mwake, Lyle. Shida iko njiani kuja kwenye skrini. Hata skrini ukiitupa ziwani picha itatoka nzuri vilevile. Nilikuletea video ya simu ukaikataa.") Niliikataa kwa sababu simu ile ni mali binafsi.

Hatukukaa bure. Tumeizima na kuiwasha laptopu mara arobaini na moja, tumesasisha kiini cha mfumo mara tatu, tumeondoa picha ya samaki aliyoiweka kama pambo la skrini tukaweka rangi ya bluu, na tumempeleka Bi Marlys mwenyewe kwa daktari wa macho, ambaye aliandika kwamba macho ni mazima na kinachomuuma ni kichwa. Takwimu zinatia moyo. Katika kila dakika moja, skrini ile huwa gizani kwa asilimia sita tu. Nani kati yenu ana ndoa inayowaka kwa asilimia tisini na nne? (Kicheko. Mke wake hacheki.)

Wapotoshaji wanapenda kutaja tarehe tisa Januari, pale ramani ilipotoweka na gari namba saba likaenda Ziwa Pelikani badala ya kufungua njia ya gari la wagonjwa kule kwa Bwana Orrin Thorsgaard, aliyekuwa amebanwa na trekta. Nasema ucheleweshaji ule wa saa moja na dakika kumi uko ndani ya viwango, na nafurahi kwamba Bwana Orrin yupo nasi leo. (Orrin, mlangoni: "Mimi nipo. Mguu ndio haupo.") Tunakupa pole, na tunathamini mrejesho wako.

Ndiyo maana idara yangu ikaja na Mradi wa Skrini Tulivu, wenye awamu nne, upembuzi yakinifu, tume ya watu tisa, na ziara ya mafunzo kule Phoenix, Arizona, mwezi huu wa Februari. (Sauti: "Tena kwenye jua lote lile, maskini.") Na leo natangaza matokeo: kuanzia Jumatatu hadi jana jioni, skrini ya Bi Marlys haikupepesa hata mara moja. Siku tatu, utulivu asilimia mia. (Makofi ya kweli. Dereva wa gari namba saba anafuta uso kwa kofia.)

Nikisema Sundvik, semeni Inaona. Sundvik! (Watu wanne: "Inaona.") Skrini tulivu, barabara safi, uongozi thabiti!

Nihitimishe kwa shukrani. Naishukuru tume, itakapoundwa. Namshukuru mshauri mwelekezi, atakapopatikana, na ninyi makamishna kwa bajeti ambayo nitawaomba. Kipekee namshukuru Bi Marlys, ambaye Jumatatu, bila fomu wala idhini, alichomoa waya wa kaunti, akachomeka waya mfupi aliotoka nao nyumbani, akashusha kasi ya skrini kujichora upya kutoka mara sabini na tano kwa sekunde hadi sitini, akaendelea na kazi. Kwa kuwa waya huo hauna namba ya mali ya kaunti, leo asubuhi nimeuondoa mwenyewe na kurejesha ule wetu na mipangilio yake yote. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Marlys anasimama. "Dakika zangu tatu sizitaki. Waya wangu uko wapi?" Mkurugenzi: "Kabatini kwangu, salama kabisa. Jaza fomu, utajibiwa ndani ya siku kumi za kazi." Sherifu amekwisha kuvaa kofia yake, na anamuuliza Mkurugenzi ufunguo wa kabati uko wapi.)