Kitabu Kimoja Kinaruhusiwa

Jumatatu, 3 Februari 2025. Tandika.

Barua imefika! Kampuni ya kusambaza nyama huko Vingunguti inaniita kwenye usaili wa vitendo Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 13. Nafasi mbili za kuendesha kompyuta, walioitwa watatu. Inatosha nisiwe wa mwisho. Kompyuta zao zinatumia mfumo wa Linux, tena si ile ya kubofya vipicha: kioo cheusi tu, unaandika amri, inatii. Katika wasifu wangu nilijiita mjuzi wa mfumo huo. Si uongo. Chuoni tuliusoma muhula mzima, ila hatukuwahi kuuwasha. Mwisho wa barua: msailiwa anaruhusiwa kuja na kitabu kimoja. Basi kazi yote ni kuchagua, na kuchagua vitabu ndiyo fani yangu.

Shangazi Tunu, ninayeishi kwake, alifurahi kwa muda mfupi. Kisha akasema nikikosa na hii, nakwenda Kimbiji kutunza kuku wake mia mbili, maana usomi wangu una mwaka wa pili humu ndani na haujataga hata yai moja. Nilimweleza kwamba usomi hautagi. Akasema, "Ndiyo maana nazungumzia kuku."

Praygod, mpangaji wa chumba cha uani, naye ameitwa. Mwenye stashahada! Jioni alinionyesha kijitabu chake: fotokopi, kurasa arobaini, ringi ya plastiki, doa la chai ukurasa wa kwanza. Akasema, "Braza, tusome wote." Nilikipitia kwa adabu. Hakina dibaji. Hakina faharasa. Sentensi ya kwanza: "Washa mashine." Kitabu gani humwamrisha msomaji kabla ya kumsalimu? Nilimrudishia.

Jumanne, 4 Februari.

Mwenge, kwa Mzee Kamugisha, muuza vitabu vya mtumba. Ana vinne vinavyohusika. Cha kwanza kinaahidi umahiri kwa siku saba. Mimi nina tisa; sipendi kitabu kitakachoniacha na siku mbili za uvivu. Cha pili kimejaa vikatuni. Mwenye shahada hachekeshwi ili aelewe. Cha tatu ni toleo la pili, na mwandishi anakiri katika dibaji kwamba la kwanza lilikuwa na makosa. Nimwamini vipi? Cha nne kina kurasa elfu moja na mia moja. Hicho ni kitabu! Lakini nilipokishika kwa robo saa, mkono ulikufa ganzi.

Mzee Kamugisha aliniuliza kama nachagua kitabu au mchumba, maana mkwewe alichagua haraka zaidi na anaishi vizuri.

Wazo likanijia nikiwa nimesimama pale pale. Tatizo si kitabu. Tatizo ni mahali pa kukiegemeza. Nahitaji marufaa, kile kibao cha kukunja tulichokuwa tukiwekea msahafu madrasa. Pale marufaa ilituliza hata watoto watukutu. Itashindwaje na Linux?

Jumatano, 5 Februari.

Kwa wachonga vinyago. Fundi anaitwa Valerian, ana penseli sikioni. Aliuliza kitabu chenyewe kina upana gani. Nikamweleza kwamba kitabu hakijachaguliwa, na kwamba swali lake linatanguliza hitimisho mbele ya hoja.  Akasema hajawahi kuchonga kitanda cha mtu ambaye hajazaliwa, lakini atajaribu.

Uani, Praygod anaandika amri kwenye laptopu kuukuu isiyofunga vizuri. Inakataa, anacheka, anaandika tena. Hana mbinu.

Jumamosi, 8 Februari.

Marufaa iko tayari. Ya mninga, inang'aa. Pembeni, twiga wawili wamesimama wima. Sikuagiza twiga! Valerian akasema mkono wake umezoea wazungu, ukianza mninga twiga hutoka wenyewe.

Nikaibeba hadi kwa Mzee Kamugisha. Vitabu vyote vinne vinagota shingo za twiga. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaingia nyuma, akatoka na cha tano, chembamba kwa umbo, kizito kwa maneno. Kikaingia kati ya twiga kama kilichongwa nao. Nikakinunua bila kukifungua. Ishara haihojiwi.

Shangazi aliuliza twiga ni wa nini. Nikasema ni vifaa vya kazi. Akasema kuku nao hawaogopi twiga.

Jumapili, 9 Februari.

Nimekivalisha kitabu jalada la kalenda ya mwaka jana, upande mweupe nje. Kazi safi, pembe zote zimekaa. Nimeandika jina langu na shahada. Siku imekwisha.

Jumatano, 12 Februari.

Siku tatu nimesoma dibaji. Kurasa kumi na nane! Mwandishi anadai kwamba kitabu chake si cha wanaoanza, ni cha wasimamizi wenye miaka kumi kazini. Sikubaliani naye. Nimemjibu pembezoni, hoja kwa hoja, na naona nimemshinda. Kesho nitatumia sura zilizobaki papo hapo.

Praygod amepita dirishani kuuliza kama nimejaribu hata amri moja. Nikamwambia nimejenga msingi. Akasema, "Msomi, kesho wanataka paa."

Alhamisi, 13 Februari.

Niandike kwa utulivu.

Tulikuwa watatu: mimi, Praygod, na dada mmoja, Avelina, aliyekuja mikono mitupu na uso wa hofu. Msimamizi, Bi Benedicta, alitoa swali moja: nakili faili la uzito wa nyama ya jana, ulipeleke kwenye folda ya leo. Basi!

Nikakunjua marufaa. Ikajaza meza. Kibodi nikaipakata. Bi Benedicta aliuliza kama kuna ibada. Nikafungua kitabu. Kunakili faili? Ukurasa wa ishirini na mbili: "Tunachukulia kwamba msomaji anajua kunakili." Msaliti! Niliandika kwa Kiingereza fasaha, nikiiomba mashine inakili. Ikajibu kwamba haiitambui amri hiyo. Nikaandika upya, kwa heshima zaidi. Ikajibu vile vile.

Praygod alimaliza kabla chai ya Bi Benedicta haijapoa. Akaomba ruhusa, akakisukuma kijitabu chake mbele yangu, kimefunguliwa ukurasa wa tatu. Nilikiona. Mstari mmoja, herufi chache, doa la chai. Bi Benedicta aliangalia dirishani kwa makusudi, Mungu ambariki. Nafasi ilikuwa ile.

Nikakirudisha. Nikasema kwa sauti kwamba barua imeruhusu kitabu kimoja, nami ninacho changu. Sarufi ilikuwa safi.

Avelina, asiye na chochote, akauliza kama basi yeye anaweza kukiazima kile kijitabu.

Jumamosi, 15 Februari.

Praygod amepata. Avelina amepata. Praygod alileta soda, akasema kijitabu bado kipo, nikitaka kwa mara nyingine. Nilimshukuru, nikamweleza kasoro ya kukosa faharasa. Akanifungulia soda.

 Shangazi alifunga mzigo wangu mwenyewe, na twiga akawafunga kwenye kanga wasije wakavunjika. Hilo limeniuma kuliko maneno.

Jumatatu, 17 Februari. Kimbiji.

Kuku mia mbili, wote wananitazama. Shangazi amenibandikia karatasi moja mlangoni kwa mkono wake. Inaanza: "Wape maji." Hakuna utangulizi! Hakuna sababu za maji! Mtu hawezi kufuga kwa karatasi isiyo na dibaji.

Jirani, Bi Najat, anasema fuata karatasi tu, mwanangu, kuku hawangoji. Nimemwambia kuku wangu watatunzwa kitaalamu. Nimeshampigia Mzee Kamugisha: ana vitabu sita vya ufugaji. Kesho alfajiri naondoka kwenda Mwenge, na safari hii sirudii kosa. Nimepima kabla: sentimita ishirini na nne, twiga hadi twiga.