Samaki Mmoja kwa Wiki Nzima

Jumatatu, 5 Januari

Nimepoteza Jumamosi. Nimeipoteza jana, saa tano asubuhi, mlangoni mwa kanisa, watu wakiangalia. Miaka yote karamu ya Jumamosi ya kufungia Wiki ya Maombi nimeandaa mimi, Kelepi, mwenye duka la misumari, mabati na nyama ya kopo. Mwaka huu mchungaji amempa Lisiate. Lisiate wa mikate! Mimi nimetupiwa Jumatano. Jumatano watu wanakula huku wanatazama saa.

Nikamuuliza mchungaji kosa langu. Akasema si kosa, ni zamu. Zamu! Nilianza maisha na toroli la nazi. Hakuna aliyenipa zamu.

Sawa. Jumatano yangu itaifanya Jumamosi yake ionekane chai ya msibani. Nguruwe kumi na mmoja. Lisiate hafikishi tisa hata akijihesabu mwenyewe.

Tatizo moja tu. Dada yangu Melenaite. Yeye ndiye mkubwa wetu, na kwetu dada ndiye wa heshima. Mezani kwa kaka yake anakaa kichwani, anapewa mgongo wa nguruwe kabla mchungaji hajashika kijiko. Lakini dada ana sukari, ana kidonda mguuni, na tangu Novemba yumo kwenye utafiti wa hospitali: chakula cha wazee wenye maradhi ya kudumu. Samaki wa kuchemsha, majani, na kiazi kikuu kipande kidogo kuliko ngumi. Sahani ipigwe picha kabla ya kula na baada ya kula, picha ziende kwa Nesi Losaline. Nesi mwenyewe huja Jumanne na Ijumaa, anapima sukari, anasafisha kidonda. Bure kabisa. Kidonda kimeanza kufunga. Hilo siwezi kulikataa.

Sasa piga hesabu. Nikimwekea dada samaki wa kuchemsha kichwani mwa meza, Lisiate atacheka mpaka Krismasi. Nikimwekea nguruwe, picha itamfukuzisha kwenye utafiti, na nesi haji tena.

Kwa hiyo dada atakula nguruwe na picha itakula samaki. Simu ya kutumia picha ni yangu, dada hana. Nani alisema lazima samaki awe wa siku hiyo?

Jumanne, 6 Januari

Kazi imekwisha kabla ya saa mbili. Mke wangu Lupe kachemsha samaki mmoja, mkubwa, mzuri. Nikamweka mezani karibu na dirisha, jua linawaka, mwanga safi. Nikapiga. Nikageuza sahani, nikapiga. Nikasogeza majani kushoto, nikapiga. Nikabadilisha sahani. Nikaweka kikombe, nikaondoa kikombe. Halafu nikamla samaki, nikapiga mifupa. Mifupa kulia, mifupa kushoto, mifupa na ganda la kiazi. Akiba ya wiki nzima! Lupe alisimama na mwiko mkononi akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia huu ndio utafiti.

Nesi Losaline akaja saa nne. Akamhudumia dada nyumbani kwake, ng'ambo ya ua. Mimi siingii humo, kaka haingii kwa dada yake, kwa hiyo nesi akanifuata dukani. Akasema, "Mzee Kelepi, najua wiki hii ni ya karamu. Msihangaike. Nitumie picha kama ilivyo tu, hata kama sahani ni mbaya."

Mtego! Nimeuza mabati kwa serikali miaka mingi. Mtu wa serikali akisema "kama ilivyo", jifunge mkanda.

Jioni Lupe akaleta ujumbe kutoka kwa dada. Wifi anauliza kama kesho kutakuwa na samaki. Maskini, heshima tu hiyo, hataki kunitia gharama. Nikamwambia Lupe amjibu kwamba mezani kwangu dada yangu hataaibika hata siku moja. Lupe akaenda, akarudi. Nikauliza wifi yake kasemaje. Kasema, "Basi."

Jumatano, 7 Januari

Ushindi!

Nguruwe kumi na mmoja wa kubanika, ngozi inalia kama biskuti. Mbavu za kondoo. Majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo na tui, yametoka kwenye tanuri la shimo yakitoa moshi. Kamba wakubwa. Meza mbili hazikutosha, nikaongeza mlango wa stoo. Mchungaji alisimama kushukuru akakosa maneno, na yule si mtu wa kukosa maneno.

Dada akakaa kichwani mwa meza, amejifunga kiunoni mkeka wake mzuri wa sikukuu. Nikaamuru mgongo wa nguruwe mkubwa kuliko wote upelekwe kwake. Watu wote wakaona. Akala polepole, akamaliza. Akaletewa mbavu, akamaliza. Sikumtazama sana, si adabu, lakini niliona sahani tupu. Kifua changu kikajaa.

Lisiate alikula kiazi kikuu peke yake kama mtu anayeumwa jino. Akanisogelea akaniuliza chinichini, "Kelepi bwana, dada anaruhusiwa hayo?" Wivu huo! Nikamwambia kwangu wakubwa hawapimiwi chakula kama kuku wa kisasa. Akarudi kwenye kiazi chake. Wa kando yake wakacheka. Safi.

Nikatuma picha ya samaki namba mbili, ile yenye kikombe. Wageni wanaondoka, mvua ikaanza.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua. Mvua ya kuangusha ndizi. Ua wote umekuwa ziwa.

Nikatuma samaki namba tatu asubuhi, mifupa saa moja baadaye. Nesi akajibu upesi: asante, na hali ya hewa huko ikoje? Binti mwenye adabu. Nikamjibu mvua kubwa tangu jana, haijakatika hata dakika.

Dada hakutoka kwenda maombi ya asubuhi. Lupe akaanza kuniambia habari za mguu wa wifi yake, eti harufu imerudi. Nikamkatiza hapohapo. Mwili wa dada hauzungumzwi mbele ya kaka, hata yeye Lupe anajua. Akasema na yeye angependa kumwambia mtu mwingine, lakini mwenye simu ni mimi.

Nikamwambia kesho nesi anakuja, mambo ya mguu ni ya nesi.

Alijifunika khanga akavuka ua kwenye mvua. Akarudi amechelewa, hakuniangalia.

Ijumaa, 9 Januari

Sijui nianzie wapi.

Nesi Losaline kafika amelowa mpaka kwenye mfupa. Hakuenda kwa dada kwanza. Aliingia dukani, akatikisa mwavuli juu ya magunia yangu ya saruji, akasema, "Mzee Kelepi, kumbe kwako jua linawaka peke yake?"

Sikuelewa. Akatoa simu yake, akapanga picha zangu moja baada ya nyingine. Samaki, mifupa, samaki, mifupa. Nyuma ya kila sahani, dirishani, kamba ya nguo. Kwenye kamba, kaptura yangu ya bluu, ile yenye maua. Imejaa upepo, inang'aa, kavu. Jumanne kavu. Jumatano kavu. Alhamisi, visiwa vyote vikiwa chini ya maji, kaptura kavu.

Lupe alikuwa mlangoni. Akasema kwa sauti ya baridi kwamba watu watafikiri yeye ni mwanamke wa kuacha nguo nje siku tatu.

Nikajitetea. Nikasema nilikuwa namlinda dada asifukuzwe. Nesi akakaa juu ya gunia. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema hakuna mzee anayefukuzwa kwa kula nguruwe. Utafiti unataka kujua wazee wa hapa wanakula nini kweli, na Wiki ya Maombi hasa ndiyo wanayoitaka, ndiyo sababu waliupanga uvuke Januari. Dada angekula nguruwe, nikapiga picha ya nguruwe, angebaki. Nesi angejua, angekuja Alhamisi, si leo. Sasa picha zote tangu Novemba zina shaka. Jina la Melenaite itabidi litolewe.

Halafu akavuka ua. Nilimwona kupitia mvua akitoka mara moja, akiita Lupe, akiita gari. Alikuwa amepima sukari mara mbili kwa kudhani mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima.

Wakampitisha dada mbele ya duka kwenye kiti cha plastiki. Niligeuka upande, kama inavyotakiwa. Nikabaki nikitazama misumari.

Jumamosi, 10 Januari

Nilikwenda kwa Lisiate. Nisipokwenda watasema naona aibu.

Nguruwe sita tu. Nilihesabu nikiwa bado kwenye ngazi. Nikafurahi kwa muda wa kuvua viatu.

Kichwani mwa meza kulikuwa na kiti kitupu. Mbele yake samaki wa kuchemsha, mzima, na majani, na kiazi kikuu kidogo kuliko ngumi, sahani imezungushiwa maua. Mahali pa dada yangu. Lisiate alikuwa amemuuliza nesi tangu Jumatatu. Alikuwa ameuliza! Nusu ya meza ilikuwa chakula cha namna hiyo, na wazee walikuwa wanakula bila kuangalia pembeni, wanaomba kuongezewa. Mchungaji akashukuru kwa maneno mengi sana. Akasema hii ni meza iliyowakumbuka wagonjwa. Hakunitazama. Wote wengine walinitazama.

Mwishoni Lisiate akafunga sahani ile kwenye jani la ndizi, akampa Lupe aipeleke hospitali. Akanishika bega. Nikasubiri tusi. Akasema tu, "Pole, Kelepi bwana." Mtu anaweza kuishi na tusi. Pole ya Lisiate nitaibeba wapi?

Jumapili, 11 Januari

Sikwenda kanisani. Nilikaa kwenye korido ya hospitali, benchi la upande wa pili wa ukuta. Dada ndani, mimi nje. Ukiacha karamu, hatujawahi kukaa chumba kimoja tangu tulipokuwa watoto, na leo kwa mara ya kwanza niliuona ukuta ni mnene mno.

Daktari aliongea na Lupe. Kidole kidogo cha mguu kimekatwa asubuhi. Cha pili yake wanakitazama. Lupe aliniambia, na safari hii sikumkatiza.

Nikamtuma akamuulize dada, kwa adabu zote, kwa nini hakusema wazi kwamba anataka samaki. Akakaa humo muda mrefu. Akarudi na jibu. Wifi anasema aliuliza mara moja, Jumanne. Alivyoambiwa kwamba hataaibika, akajua kaka ameshaweka heshima yake yote kwenye yule nguruwe. Angekataaje mbele ya watu? Alikula kwa ajili yangu. Tena anasema mgongo ulikuwa mtamu.

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu. Mimi nilimlisha kwa heshima, yeye akala kwa heshima, na kidole kimekwenda na heshima zetu zote mbili. Jumamosi niliyonyang'anywa, siikumbuki hata ilikuwa ya nini.

Samaki wa Lisiate, dada alimmaliza mzima. Lupe alipiga picha kwa simu yangu. Mifupa mitupu, na nyuma yake dirisha, na mvua.

Jumatatu, 12 Januari

Nimeamka mtu mpya. Nimekaa dukani nikapima makosa yangu moja moja, bila kujionea huruma, na nimepata somo. Somo ni kubwa, nalo ni hili: kabla ya kupiga picha, anua nguo.

La pili: nisilie, nitengeneze. Dada anatoka hospitali Jumamosi. Jumamosi! Hiyo si zamu ya Lisiate wala ya mchungaji. Ni yangu. Nitafanya karamu ya kumpokea, na kichwani mwa meza, mkono wa kulia wa dada, atakaa Nesi Losaline. Akishakula kwangu atamkataaje dada yangu? Kidonda kinataka mtu wa kukisafisha. Utafiti unataka wazee. Mimi nina nguruwe. Hesabu inakubali.

Lupe amesoma juu ya bega langu akauliza kama sikusikia neno hata moja la wiki nzima. Nimemwambia nimesikia yote, ndiyo maana safari hii nguruwe atachemshwa. Ametoka nje. Anaanua nguo, nadhani.

Ujumbe nimeshautuma. Naunakili hapa niwe na ushahidi:

"Nesi Losaline, salamu. Nakiri kosa la kaptura. Dada yangu Melenaite hana kosa, mkosaji ni mimi, basi nitoeni mimi kwenye utafiti muache yeye. Nimekuandalia nguruwe mmoja mkubwa, wa kuchemsha, bila ngozi, bila mafuta, nitakupigia picha zake mimi mwenyewe kabla na baada. Sitaki maelezo marefu ya hospitali. Dada anarudi kwenye utafiti, ndiyo au hapana? Nijibu moja kwa moja kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana kisu kimeshanolewa na huyu nguruwe ameanza kuniangalia vibaya."